Memoria ya Mama Mkwe

Mpendwa Madrina Zoraida,

Naomba unisaidie, wewe mama wa ubatizo wa wenye shida wote, kabla ya Alhamisi, kwa sababu Alhamisi mama mkwe wangu anapelekwa mjini Santa Clara kwa daktari bingwa wa vichwa, na kichwa chake hakina tatizo lolote, tatizo ni mimi.

Mimi ni kinyozi hapa Placetas, naishi kwa mama mkwe, na mke wangu Dayamí ana kompyuta mpakato iliyokuwa imejaa virusi mpaka kuwaka inataka ibembelezwe, basi nikajitia fundi, nikasema niachieni mimi, nitaifuta yote niiwekee mfumo mpya, kwani kuna ugumu gani, unatafuta flashi, unaupakia mfumo kwa ile programu inayoiwezesha flashi kuiamsha kompyuta, kwisha. Flashi nikaikuta juu ya friji, na wewe unayajua mambo yetu, Madrina, kila wiki paketi mpya ya tamthilia inapita nyumba kwa nyumba, flashi inafutwa, inajazwa, inafutwa, hakuna anayeuliza ndani mna nini, nikajua ni ile ya Waturuki ya wiki iliyopita ambayo tulishaililia tukamaliza. Programu ikaniuliza, kila kitu kitafutwa, niendelee? Nikadhani inasema kompyuta, na kompyuta ndiyo niliyotaka ifutwe, nikabonyeza ndiyo kwa mbwembwe. Kompyuta ikapona, ikawaka kama mpya, nikaenda kwenye domino nimetunisha kifua.

Kumbe flashi ile ilikuwa na picha za mama mkwe, mama Eneida, za kutimiza miaka kumi na mitano, zile ambazo kwetu kila msichana hupigwa akiwa na gauni la fahari. Alizipiga akiwa na sitini, kwa sababu alipotimiza kumi na mitano yenyewe alikuwa na matubwitubwi, shavu kama papai, na hakuna aliyethubutu kumpiga picha. Kwa hiyo alisubiri, akakodi gauni la manjano na mwavuli wa lesi, akapigwa picha juu ya farasi, kando ya bwawa, na moja akiwa na taulo peke yake, ambayo padri aliiona kwa bahati mbaya mara mbili. Mpiga picha ameshahama nchi, na nakala nyingine hakuna.

Jumapili dada yake Migdalia alikuja kutoka Cienfuegos, mama akachomeka flashi kwenye televisheni ili amringie, na badala ya gauni yakatokea majina ya mafaili yasiyosomeka. Nami badala ya kusema ukweli nikasema, “Mama, umebonyeza nini tena?”

Maneno hayo tu, Madrina, na akayaamini. Tangu hapo hagusi rimoti, anamuuliza Dayamí kama maharage ameshayatia chumvi, jana kaomba ruhusa ya kuwasha feni. Kisha akataka nimsindikize kwa daktari wa mtaa, na flashi sisi tunaiita memoria, jina lilelile la kumbukumbu za kichwani, nikakaa nje ya pazia nikasikia yote.

“Daktari, nimefuta memoria yangu.”

“Tangu lini, mama?”

“Jumapili. Na dada yangu akiwa amekaa pale! Aibu gani hii!”

“Dada yako jina lake unalikumbuka?”

“Migdalia. Nitamsahauje na domo lile? Nakwambia memoria imebaki tupu, mwanangu, ni herufi herufi tu.”

“Ilikuwaje?”

“Nilibonyeza kitu. Sikumbuki nilibonyeza nini.”

Daktari akamwandikia rufaa, akaniambia mimi, mimi Madrina, kwamba asiachiwe jiko. Nikafikisha ujumbe nyumbani. Dayamí akalia, akaficha kibirika cha kahawa, na yule mama aliyekuwa akinitukana tangu asubuhi sasa ananiita “mwanangu” kwa sauti ya mgonjwa. Siwezi kuvumilia. Je, niseme, au nimsubiri jamaa mmoja hapa mtaani mwenye programu ya kufufua mafaili, azipate picha, nami niirudishe flashi kimya kimya juu ya friji, yaishe?

Mkwe mwoga

*

Mkwe mwoga,

Pole ya kukupa sina, yote nimempelekea mama Eneida. Nilikuwa nacheka mpaka ulipofika kwenye pazia la daktari, hapo nikaacha.

Kufuta flashi si kosa la kumtoa mtu roho. Kuna bwana mmoja wa Remedios alifuta harusi yake mwenyewe apate nafasi ya mechi za besiboli, na ndoa bado ipo, ingawa inachechemea. Mtu akiulizwa “nifute kila kitu?” anauliza kwanza kitu gani na cha nani. Ungeifungua ukachungulia, ungekutana na taulo, ungeifunga upesi, na leo tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Kosa lako ni lile swali. Na hiyo “tena” uliitoa wapi? Mwenzio hakubonyeza chochote! Umemkuta mwanamke anayejiamini, aliyengoja miaka arobaini na mitano avae gauni lake, ukamfanya aogope feni. Halafu ukakaa nyuma ya pazia unamsikiliza akijieleza kwamba kichwa kimemtoka, ukabeba maneno ya daktari kama tarishi. Nimekukasirikia kweli.

Na huo ujanja wa kimya kimya, umeufikiria hata kidogo? Akizikuta picha zimerudi, ataona hata kufutika kwenyewe kulikuwa ndoto yake. Hapo hutakuwa na haja ya kudanganya tena, ataenda Santa Clara kwa miguu yake.

Sasa nisikilize. Flashi hiyo usiitie kitu tena, hata wimbo mmoja, maana kila unachoongeza kinakalia picha ambayo labda ingeokoka. Mpe huyo jamaa ajaribu. Atapata zile ambazo mfumo wako haukuzifunika, huenda gauni likarudi na farasi akapotea, na nyingine ndiyo basi. Kwa hizo utamkodia mama gauni upya, awe na miaka kumi na mitano mara ya tatu, na mwavuli utaushika wewe juani.

Lakini hayo ni baadaye. Leo, kabla ya fundi yeyote, mkalishe na Dayamí awepo, useme: “Mama, kichwa chako ni kizima. Picha nilifuta mimi, nikakusingizia wewe.” Usianze na habari za virusi wala usimfundishe programu. Ukitoka hapo nenda kwa daktari ukamweleze ni memoria ipi iliyofutika, rufaa ichanwe mbele yako.

Najua unachoogopa. Ukishasema, atavua kandambili akurushie. Usikwepe.

Madrina Zoraida