Mate ya Mavyaa

Lukang, 12 Machi

Mkaza mwana Jui-hsin,

Natumaini u mzima. Mimi mzima, ila magoti, na hayo hayakuhusu. Mjukuu wangu Yu-tung anaendeleaje na kifua? Mwanangu ananiambia anavuta dawa asubuhi na jioni. Mtoto wa miaka saba.

Ulipokuwa na mimba yake nilikuonya usiguse tikiti maji wala barafu, kwa kuwa baridi ya tumbo la mama hukaa kwenye mapafu ya mtoto. Ukanijibu kwa tabasamu lako la muuza miwani, na jioni nikakufuma na bakuli la barafu lililomwagiwa maziwa. Sasa mtoto ndiye anayelipa. Sikuandikii kwa ugomvi, nakukumbusha tu.

Mje siku ya kusafisha makaburi. Yu-tung atalala sebuleni, mbele ya madhabahu ya wahenga, wamwone vizuri. Sipigi simu kwa sababu huwa unaikata.

Mavyaa yako


Taipei, 9 Aprili

Shikamoo, Mama. Pole na magoti. Sisi tumefika, ila Yu-tung katoka hospitali jana.

Nilikuomba usiwashe udi akiwa amelala pale. Ukawasha fungu zima alfajiri. Alipoanza kupiga miluzi kifuani ukasema anadeka, na nilipotafuta dawa yake nikakuta umeiweka juu ya kabati, "apumzike na sumu". Nakushukuru kwa ukarimu.

Dakta Kao, anayetafiti pumu za watoto, alitupima mate sote watatu majira ya baridi. Naeleza polepole ili usichoke. Kinga ya mwili ni walinzi wanaoitana kwa ujumbe. Maelekezo ya kuitana huko tunayarithi, nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Yu-tung ana nakala moja yenye tofauti ndogo: walinzi wake wakihisi moshi wanaitana kwa kelele, wanajazana, wanachelewa kuondoka, na njia za hewa zinavimba. Tofauti hiyo peke yake haimfanyi mtu mgonjwa, inamwongezea hatari tu, na ziko nyingine nyingi wasizozijua bado. Lakini hiyo moja mimi sina. Anayo mwanao. Barafu haikutajwa.

Hatakanyaga kwako tena mpaka moshi utoke sebuleni.

Mkaza mwana wako


Lukang, 20 Aprili

Jui-hsin,

Mtoto hajambo? Mimi sijambo, na barua yako nimewasomea wauza samaki, wamecheka mpaka wateja wakasogea kusikiliza. Mtoto ana mapafu, wewe unaniletea jeshi.

Sikiliza. Ukoo wa Shih umekaa Lukang vizazi tisa na hakuna hata mmoja aliyewahi kupiga miluzi kifuani. Ugonjwa huingia nyumbani kwa mlango uleule anaoingilia mwanamke wa kuja. Mamangu mkwe aliniambia hivyo nilipoolewa, na hakuwahi kukosea. Kama mwanangu anayo hiyo tofauti yenu, basi vichupa vya mate vimechanganywa.

Mwambie huyo daktari anitumie kichupa. Nitatema mate mpaka kifurike. Na majibu usome wewe kwa sauti, mbele ya mwanangu, nataka aibu yako iwe na mashahidi.

Madhabahu haihami. Wahenga hawahamishwi kwa ajili ya kikohozi.

Mavyaa yako


Taipei, 2 Julai

Shikamoo, Mama. Natumaini umeketi, kwa ajili ya magoti.

Nimesoma kwa sauti kama ulivyoagiza, na mwanao akiwa shahidi. Nakala zako zote mbili zina tofauti ile. Kwa hiyo mwanao hakuwa na pa kuikwepa: yake moja imetoka kwako, na ile nyingine, ya kawaida, imetoka kwa marehemu baba. Ukoo wa Shih hauna hatia. Wewe ni binti wa Huang, mfuga nguruwe wa Fangyuan, na uliingia kwa mlango uleule. Mkuki kwa nguruwe mtamu, Mama.

Dakta Kao alishangaa kwamba hujawahi kuugua. Akauliza umekulia wapi, nikamwambia zizini. Anasema huenda ndiyo salama yako: walinzi waliozoea vumbi la mifugo tangu utotoni mara nyingi hawashtuki ovyo. Hana hakika. Wewe ndiye mwenye hakika siku zote.

Yu-tung anauliza kila siku kama bata wako wamekua. Nimemwambia bibi bado anachagua kati yake na moshi.

Mkaza mwana wako


Lukang, 21 Septemba

Jui-hsin,

Hamjambo? Magoti yangu yamezidi, kwa kuwa nimekuwa nikipanda ngazi.

Niliwauliza wahenga kama wanakubali kuhamia chumba cha juu ya paa. Nikarusha vile vipande viwili vya mbao, ambavyo jinsi vinavyoanguka ndilo jibu lao. Wakakataa. Nikarusha tena, wakanicheka. Nikawaambia wacheke wakiwa juu, nikabeba chetezo mwenyewe.

Shemeji yangu alikuja kufoka, ati mwanamke wa kuja hana haki ya kuwagusa wahenga wa Shih. Nikamwambia kweli kabisa. Nimewafukizia udi tangu niolewe, nimewapikia kuku na kuwafutia vumbi, na humo hamna hata mmoja wangu. Yu-tung ni wangu. Nilitema mate kwenye kichupa na hospitali ikathibitisha. Shemeji hakuaga.

Sebule nimeiosha kuta zote, na pazia nimetupa. Mje siku ya mwezi mpevu, mabalungi yameiva na bata wamenona. Dawa ya mtoto uje nayo, na unionyeshe inavyovutwa, bila lile tabasamu.

Barafu iko kwenye friji. Kula, mimi siangalii.

Bibi yake Yu-tung