Shali Lililotupwa kwa Mafundi wa Boda

Jumatatu, 5 Mei

Kuna jambo sijamwambia mtu. Nimeficha shali mwilini mwa Haboba, chini ya blanketi lake.

Shangazi Zamzam alilitupa mwenyewe. Tulifungua belo ya mivumba, yaani nguo za mitumba, kibandani kwake, hapa soko la Koboko, kazi yangu tangu nimalize shule. Yeye huipima nguo kwa kiganja. Nzito hutundikwa. Nyepesi yenye matundu huenda kwenye gunia la matambara, mafundi wa pikipiki za boda wafutie oili. "Nguo ya maana iko na uzito," husema. Hili halikuwa na uzito wowote. Rangi ya udongo mkavu, matundu mawili. Alipokwenda kunywa chai nikalitoa guniani.

Haboba, bibi yangu, ni mama yake Shangazi. Naishi naye mimi. Tangu mvua zianze anatetemeka. Blanketi zito linamkaba kifua, analisukuma, baridi inarudi.

Sioni aibu.

Jumanne, 6 Mei

Haboba amelala vizuri. "Hii kitu iko kama mkono ya mutu," aliniambia.

Lebo inasema kashmiri. Nimesoma kwenye simu. Mbuzi wa milima yenye baridi kali. Chini ya manyoya magumu huota mengine, laini kama ya kifaranga. Baridi ikipungua, wachungaji huyachana kwa kitana. Mbuzi mmoja hutoa kidogo sana. Basi shali hili ni mbuzi kadhaa na mikono mingi. Na sisi tulitaka kufutia oili!

Alhamisi, 8 Mei

Nimekwenda Lobule, shambani, kumsaidia mjomba kupalilia. Nilimshika mbuzi wake nikamchana kwa kitana changu. Nimepata kupe na nywele ngumu. Mjomba alicheka mpaka akaegemea jembe. "Unamsuka aende harusi ya nani?"

Acha acheke. Baridi ndiyo humvika mbuzi, na huku hakuna ya kutosha. Matundu nimeyaziba kwa nyuzi za pindo la shali lenyewe.

Jumamosi, 10 Mei

Siku mbaya.

Alikuja mteja wa Arua, mama mwenye duka la nguo za maharusi. Mashali ya kibandani tunayoyaita kashmiri ni nailoni. Aliyagusa, akayaacha. Akasema Jumatatu alipita tukifungua belo, akaliona moja la rangi ya udongo. Hilo ndilo analotaka, kwa bei yoyote. Akaacha namba ya simu, akaenda zake.

Shangazi akamwaga gunia la matambara chini. Hakuna. Akanigeukia.

"Wewe iko naficha nini?"

Mimi ambaye darasani sikuwahi kuinua mkono. Nikasema, "Ulilitupa, Shangazi. Jumatatu lilikuwa takataka. Leo ni mali?"

"Eh! Kumbe hii mtoto iko na mdomo! Lete shali."

"Sileti. Anajifunika Haboba."

"Haboba iko na blanketi!"

"Umewahi kulala chini ya lile blanketi?"

Muuza nyanya wa jirani akapiga kigelegele. Sikuomba radhi, na sitaomba. Shangazi amesema kesho atakuja kulichukua.

Jumapili, 11 Mei

Mvua tangu alfajiri. Shangazi aliingia na matope yake. Nikasimama mlangoni mwa chumba. Hakunisukuma. Alitazama juu ya bega langu.

Haboba alikuwa amelala. Mikono imetulia. Blanketi liko sakafuni.

Nikampisha. Alipiga magoti, akaingiza kiganja chini ya shali, akalipima kama anavyopima kila nguo. Kisha akalivuta likafika shingoni mwa mama yake.

Alitoka hadi barazani kumpigia simu mteja wa Arua. Nilisikia kila neno. "Pole, mama. Mafundi wamefutia oili. Imekwisha kabisa."

Nikamletea chai. Akanywa bila kunitazama.

Yangu si siri tena, soko lote linaijua. Hii ni ya Shangazi. Yeyote atakayesoma hapa, aitunze. Mama wa Arua akiuliza, mafundi walifutia oili.