Kifurushi Hana Jina

5 Mei

Baba mpenzi,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Goti la mama linaendeleaje? Sisi tu wazima, mimi, mume wangu na Kifurushi, msichana wetu mwenye wiki tatu ambaye hana jina kwa sababu yako. Umeikataa picha niliyotuma, eti watoto waliolala wote wanafanana, na jina hulichagui mpaka umwone akikasirika. Haya. Nimemrekodi video akikasirika, nimeituma kwenye barua pepe yako. Hakuhitaji kuchokozwa, amekurithi.

Simu yako ya kitochi haichezi video, kwa hiyo tutumie kompyuta ya dukani, ile iliyozungukwa na saa mbovu za wateja wako. Fungua programu ya barua pepe, ingia kwenye mipangilio, weka anwani yako na neno la siri. Penye usalama wa muunganisho chagua SSL, mlango namba 993, ili barua zije zimefungwa na mtu wa njiani asizisome. Likitokea onyo kwamba seva, yaani kompyuta inayotutunzia barua, haiaminiki, usikubali hata kidogo. Niandikie tu linasemaje.

Ofisi ya usajili imetupa mpaka mwisho wa mwezi. Ukichelewa, baba mkwe ameshaandaa jina lake, nalo ni refu kama treni.

Binti yako

14 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Hatujambo. Goti la mama yako linapanda ngazi vizuri likienda kwa jirani, likitakiwa jikoni linauma.

Nimefanya kila ulichosema. Nikibonyeza nipokee barua, linatoka onyo: cheti cha seva bado hakijaanza kutumika. Chini yake kuna kitufe cha kukubali. Mama yako anasema nibonyeze tu, mjukuu wake yuko nyuma ya kitufe hicho. Hatusemeshani tangu juzi. Lakini mimi ni fundi saa, sijawahi kukubali kipuri nisichokijua, na mtu ambaye cheti chake hakijaanza kazi simfungulii.

Ila roho inaniuma. Namtaka sana huyo mtoto. Na hilo jina la baba mkwe wako lisiandikwe popote, hata kwa penseli.

Baba yako

22 Mei

Baba mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, natumai ninyi mmeshapatana.

Nimecheka mpaka mtoto akaamka. Umefanya vizuri kukataa. Sasa tazama pembeni chini ya kioo cha kompyuta, imeandikwa tarehe gani? Seva haina kosa. Kompyuta yako inadhani leo ni miaka kadhaa iliyopita, ndiyo maana cheti cha seva, kitambulisho chenye tarehe ya kuanza, kinaonekana hakijaanza. Ndani yake kuna betri ndogo ya duara inayotunza saa hata mashine ikizimwa, nayo imekufa. Betri hizo unaziuza mwenyewe. Zima, chomoa waya, badilisha, halafu upange tarehe.

Kwamba saa iliyokufa ni ya fundi saa, sitamwambia mtu, isipokuwa mume wangu na wenzangu wote kazini. Fanya haraka, Baba, siku zimekwisha.

Mama Kifurushi

30 Mei

Binti yangu,

Hatujambo kabisa. Nakuandikia kwa kompyuta, kwa vidole viwili, usitegemee madoido.

Tarehe ilisomeka mwaka wa kabla ya harusi yako. Muda wote huu mashine ilijua bado hujaolewa. Nimezungukwa na saa ukutani, hiyo moja sikuwahi kuitupia jicho. Nikabadilisha betri, nikapanga tarehe, nikabonyeza. Onyo halikutoka, barua ikaingia kimya kimya.

Nikamwita mama yako. Tukamwona mtoto anakunja ngumi, anavuta pumzi, kisha analia huku jicho moja amelifumba na la pili linachungulia kama kuna anayesikia. Mimi nikacheka. Mama yako hakucheka. Akavuta kiti, akaniambia nirudishe mwanzo. Nikarudisha.

"Baba watoto," akasema taratibu, "huyo ni mimi."

Kweli tupu. Jicho hilo nimeishi nalo tangu tuoane. Nimelia, binti yangu, na wateja wameniona.

Kimbilieni ofisi ya usajili, mwandikeni jina la mama yako. Yeye bado amekaa hapa kwenye kiti changu, kazi haifanyiki, anairudia video, na kila mtoto akianza kulia anambembeleza, anamwita kwa jina lake mwenyewe.

Babu yake