Jina Lako Mbele ya Kilimia

Rawene, Julai

Kwa kaka yangu Tawhai,

Hujambo huko Brisbane? Unakula? Unalala? Huku tu wazima, ila baridi, acha tu! Majani ya bustanini yameganda, ukikanyaga yanalia kachakacha. Viazi vitamu viko salama shimoni. Bibi Huhana katenga mbegu za tuta lako kama kila mwaka, japo tangu mashua ya Mjomba Paora uliyoondoka nayo iokotwe vipande, watu wanaamini ulizama nayo.

Hapo ndipo roho inanidunda. Nyota za Kilimia, Matariki yetu ya mwaka mpya, zimerudi. Desturi unaijua: alfajiri tunapanda kilimani, tunafunua chakula mvuke ukazilishe nyota, halafu waliokufa mwaka huu wanaitwa majina mbele ya nyota ya wafu, waende zao. Wiki nzima Mjomba alimsakama Bibi kwamba safari hii akutaje, akuachilie. Bibi akamjibu kuwa anayelilia mashua kuliko mtoto afunge domo lake. Na mimi katikati yao, najua uko hai! Nilikuapia kwenye simu kwamba sitasema mpaka aibu ya mashua ikuishe.

Mtu mzima wa afya kuitwa pamoja na wafu! Usingizi sikuupata. Niliomba mawingu, yakaja, nikafurahi kama mwehu. Mara upepo ukayafagia, nyota zote hizo hapo, safi. Bibi macho yamefifia, akaniambia nimwelekeze kidole. Nikauliza, kwenye ya wafu? Akanisonya, akasema kwa Hiwa, ile nyota kinda ya mwisho, ya maombi ya mwaka mpya. Nikamshika kidole, nikakielekeza huko. Akakuita kwa sauti kubwa, kama anakuita uje ule. Mjomba akageuka akalia. Nilidhani analilia mashua, kumbe wewe.

Kaka, nisamehe. Nimesema. Palepale, mbele ya watu wote.

Bibi hakuanguka. Alinizaba kofi la bega, akauliza kama umekonda. Kisha akaagiza nikuandikie kwamba matuta yanapandwa Oktoba, hakuna wa kukulimia, na mabuti uje na yako. Mjomba naogopa hata kumtazama. Ila jioni hii nimemkuta anatia mpini jembe lako.

Bibi anakusalimu, na mbwa wako pia. Jifunike vizuri huko.

Mdogo wako asiyejua kunyamaza,
Ngahuia