Mashavu ya Baba

Chang'ombe, Jumapili

Kaka Khalfani, shikamoo.

Sie huku tupo. Jirani kaezeka upya, na yule kuku uliyeniachia anataga. Baba hajambo kidogo, ila mkono wa kulia bado haushiki kijiko. Namlisha mie.

Kuna jambo nilishindwa kulisema kwenye simu. Daktari alipomkuta baba na lehemu nyingi kwenye damu, alimkataza samli na supu ya kongoro, akamwambia atembee kila asubuhi na anywe dawa hata kama haumwi popote. Baba alifuata. Miezi mitatu kipimo kikashuka, na mwili nao ukapungua. Kwenye harusi ya Nusaiba, shangazi akaniuliza mbele za watu, "Mzee mnamnyima chakula?"

Niliona aibu, kaka. Nikarudisha samli, nikarudisha kongoro. Baba akauliza, "Mwanangu, na daktari je?" Nikamjibu, "Kula baba, umeshapona." Dawa nazo nikaacha kumkumbusha.

Mashavu yakarudi. Nikakutumia picha, ukaandika, "Mzee kanawiri, hongera mdogo wangu." Wiki mbili baadaye akaanguka bafuni, akapooza.

Ile picha naomba uifute.

Mdogo wako,
Mwanaasha