Makopo Mawili Dirishani

Jumatatu, 4 Machi
Mjane wa mwanangu mkubwa amemaliza kufukia samadi shambani. Gari zima – nilimletea mimi, kutoka zizi la jirani yetu Kengele. Ameongeza mbolea ya dukani kidogo, na siku ya kupanda atazipaka mbegu za maharage machanga unga wa bakteria. Hukaa mizizini, asema, wakaulisha mmea. Kitindamimba wangu akamcheka: chungu kimoja, wapishi watatu! Futikamba ya kupimia kiwanja ilikuwa mfukoni mwake. Nilikwisha kutamka mbele yao wote: mjane akivuna msimu huu, shamba ni lake; asipovuna, huyu kitindamimba atajenga humo vyumba vya kupangisha. Mimi sibadili kauli.

Jumatano, 6 Machi
Nimemkuta Kengele kwa kinyozi, akisifu malisho yake. Tangu mwaka jana anapiga dawa ya magugu: majani mapana yote hufa, nyasi hubaki. “Ng'ombe wangu wanakula kama wageni wa harusi, mwalimu.” Kinyozi akacheka. Mimi nikakumbuka samadi. Maharage yana majani mapana.

Alhamisi, 7 Machi
Mwuza pembejeo amenieleza. Baadhi ya dawa hizo hupita tumboni mwa ng'ombe zikabaki kwenye samadi, na jamii ya maharage huumia kwanza. Jina la dawa Kengele halijui. Basi nijaribu: kopo moja udongo mtupu, jingine udongo na samadi. Jani likikunjamana, ndiyo yenyewe.
Nimepanda maharage. Makopo yapo dirishani mwa chumba changu, nyuma ya pazia. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 14 Machi
Yameota yote mawili. Sawasawa! Mwuza pembejeo asema nisifurahi mapema. Nisubiri majani ya matatumatatu.
Mkwe wangu anangojea mvua. Mimi naiogopa.

Jumanne, 19 Machi
Jua kali. Nimeshukuru – mimi, kushukuru ukame.
Nimerudisha bakuli likiwa limejaa. Mkwe wangu aniuliza kama uji una moshi.

Ijumaa, 22 Machi
Mvua imenyesha hadi alfajiri. Nimefungua pazia. Kopo la udongo mtupu: majani yamenyooka kama kiganja. Kopo la samadi: jani jipya limejikunja ngumi.
Nimelitazama kwa miwani, kisha bila miwani. Ngumi.
Nikisema, hapandi, asipopanda, havuni, na kauli yangu i pale pale. Nikinyamaza, atapanda sumu niliyomletea kwa mkono wangu.
Nje anachanganya mbegu na unga mweusi kwenye beseni. Zikishapakwa lazima ziingie ardhini leo, la sivyo bakteria hufa. Kitindamimba amesimama langoni, anamtania kuwa amezipaka mbegu wanja. Mkwe wangu naye anacheka – sijamsikia akicheka tangu msiba.
Sasa anabisha mlango.
“Baba, njoo uanze wewe mstari wa kwanza. Una mkono wa baraka.”
Nimemjibu naja. Nilikwisha kushika kopo kila mkono nimwonyeshe – la samadi nimeliweka chini ili niandike haya – na kitasa kinazunguka.