Gitaa la Baba Tiur na Taya la Nguruwe

Porsea, 3 Machi 1991

Shemeji Jaulung,

Habari za huko Pekanbaru? Mimi nipo. Mgongo unauma, lakini ni wa kazi, si wa ugonjwa. Tiur mzima, siku hizi anafundisha kwaya ya watoto kanisani. Mkeo na watoto wasalimie.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu. Hata mimi nashangaa. Mimi na kalamu hatujuani.

Nina jambo moja tu. Dada yako Lamria tulimzika mwaka themanini na nne. Siku ile wewe ndiye uliyeniwekea kitambaa cha msiba kichwani, maana wewe ndiye kaka mtu. Na wewe ndiye uliyekuwa wa kukitoa tukitoka makaburini. Hukukitoa. Ulikasirika, ukapanda basi ukaenda zako. Nilikivua mwenyewe nipate kulala, nikakiweka kabatini. Lakini kuvua mwenyewe si kutolewa. Hapa kila mtu anajua. Kwa hiyo sijaimba wala sijashika gitaa tangu siku ile. Mfiwa hapigi gitaa.

Mchungaji kaniambia Mungu haangalii vitambaa. Nikamwambia sawa, lakini Mungu si shemeji yangu.

Nataka kupiga tena. Juzi nachota mchanga mtoni, nikajaribu kuukumbuka ule wimbo niliomtungia dada yako kabla sijamposa. Ule tuliokuwa tunauimba kilabuni, mimi na gitaa, wewe sauti ya pili. Ubeti wa kwanza ukaja. Wa pili haukuja. Ule haujaandikwa popote, uko kwenye vidole vyangu, na vidole vyenyewe vinashika beleshi. Nikikaa hivi utapotea.

Njoo unitoe msiba.

Shemeji yako,
Baba Tiur


Pekanbaru, 20 Aprili 1991

Kwako Baba Tiur,

Sisi wazima. Vumbi la malori ndilo kitoweo chetu. Misumari barabarani haijaisha, kwa hiyo pancha hazijaisha, kwa hiyo tunakula.

Barua nimesoma. Umesema mengi, umesahau moja. Fungu langu. Mimi ni kaka wa marehemu. Nguruwe wa msiba akikatwa, taya ni langu, hata mtoto anajua. Mbele za watu wote nikaletewa mbavu! Mbavu, shemeji! Kama mpita njia aliyefuata harufu. Na taya nikaliona kwa macho yangu linakwenda kwa binamu yangu wa Balige, ambaye dada yangu alikuwa hata hamsalimii. Nilipofika nyumbani mke wangu akaniuliza, "Walikupa nini?" Nikamwambia sina njaa.

Sina uroho wa nyama. Nyama hapa ipo. Ni heshima. Ukiliona taya langu niambie. Hapo ndipo tutazungumza vitambaa.

Shemeji uliyempa mbavu,
Jaulung


Porsea, 5 Mei 1991

Shemeji,

Mpo wazima? Heri umejibu. Hata kutukanwa ni kusalimiwa.

Aliyegawa nyama ni mzee Partogi. Macho yake yalishaanza ukungu. Yule wa Balige alivaa koti jeusi kama lako, mzee akajua ni wewe. Mimi nilikuwa nimefunikwa kichwa, nalia. Ningeona nini? Leo mzee hatambui hata wajukuu zake. Nimemwendea nikamuuliza. Kasema, "Taya nilimpa Jaulung. Alifurahi sana."

Basi nimemchinja nguruwe wangu wa nyuma ya nyumba. Nimeita ukoo. Mzee Partogi kashika kisu, mimi nimeshika mkono wake. Tukasema kwa sauti, hili ni la Jaulung, kaka yake Lamria. Watu wakaitikia. Nyama nyingine tumekula. Taya nimelikausha kwa moshi, analo dereva wa basi, Saut.

Kama halitoshi, sema. Ila nguruwe mwingine sina.

Shemeji yako,
Baba Tiur


Pekanbaru, 19 Mei 1991

Shemeji yangu,

Mgongo unaendeleaje? Sisi salama, na tumeshiba.

Saut alifika amenuna. Anasema abiria walilalamika njia nzima, mmoja alishuka kabla ya kwake. Nimempa kahawa, kanyamaza. Taya lilikuwa gumu kama tairi la lori lakini tumelimaliza. Nimewaita watu wa kwetu wote wa barabara hii, wakala wakijua ni fungu la nani. Mke wangu akasema, "Yaani miaka yote ile kwa ajili ya mfupa huu?" Nikamwambia wewe kula.

Nakuja Juni, Jumamosi ya kwanza. Waambie ukoo. Nikija msinipe nyama, meno yamechoka.

Jaulung, shemeji yako


Porsea, 14 Julai 1991

Shemeji,

Ulifika salama? Mafua ya mkeo yamepoa? Tiur anakusalimu. Anasema mjomba wake kazeeka vizuri kuliko baba yake.

Asante. Maji uliyoninawisha uso siku ile yangetosha kuosha basi. Lakini nilipokivaa tena kile kitambaa nawe ukakitoa, nilisikia kichwa chepesi. Nililala kama gogo.

Ila kuna jambo nilikuficha. Uliponiambia nishike gitaa nilisema kesho, nimechoka. Sikuwa nimechoka. Niliogopa. Ulipoondoka nikalishika. Shemeji, hakuna kitu. Kiganja kizima sugu za beleshi, lakini ncha za vidole laini kama za karani. Nyuzi zinanikata. Kidole kidogo hakikunjiki tangu jiwe liliponiangukia. Nashika hapa, linalia kule. Paka katoka nje.

Zamani nilikuwa na sababu ya kutopiga. Sasa sina sababu, na bado sipigi. Hii mbaya zaidi. Labda ungekiacha tu kile kitambaa.

Baba Tiur


Pekanbaru, 28 Julai 1991

We Baba Tiur!

Salamu utazipata mwisho, kama zitabaki.

Nimetafuna mfupa, nimekaa kwenye basi na kuku wa mtu miguuni, nimekutoa msiba mbele ya ukoo mzima, halafu unaniambia habari za kidole? Nilipoanza kazi hii nilikuwa siwezi kutoa tairi kwenye rimu bila kujichana. Mikono ilivimba. Nani alinihurumia? Wenye magari walikuwa wanataka kwenda. Na wewe kaa, piga vibaya. Ukitoka mtoni piga vibaya, kesho tena vibaya, mpaka vidole vichoke kukuaibisha. Kidogo kikigoma kiache, kina wenzake. Na usipige nyumbani peke yako kama mwizi. Nenda kilabuni. Wale walevi walikusikia ukiwa hujui kitu, hawatakufa wakisikia tena.

Sisi wazima. Hizo ndizo salamu.

Shemeji yako,
Jaulung


Porsea, 20 Oktoba 1991

Shemeji,

Mimi mzima. Ninyi?

Nimechelewa kuandika kwa sababu ya vidole. Ngozi ilichubuka, nyingine ikaota, nayo ikachubuka. Hata kalamu ilikuwa taabu. Sasa imekomaa.

Kilabuni walinicheka. Unamkumbuka Mangasi? Alisema, "Jamani, mtoeni huyo mbwa, mtu kamkanyaga." Nikaendelea. Wakacheka mpaka wakachoka, wakarudi kwenye sataranji yao na tembo lao.

Jumamosi nilikuwa nabishana na Mangasi habari za mvua. Gitaa liko mapajani, mkono unachezacheza tu. Mara Mangasi akainua kidole. Akasema, "Huo." Nikamuuliza huo nini. "Endelea, mjinga wewe! Usiangalie mkono!"

Ni ubeti wa pili, shemeji. Umekuja wote. Pale pa kidole kidogo nimeupitisha njia nyingine, lakini umekuja. Nikaimba. Wakaimba. Mahali pako hawakupagusa. Tulipofika pale wote kimya, gitaa likapita peke yake, wakadakia mbele.

Nikaenda nyumbani kumwambia Tiur. Kasema mtaa mzima umesikia. Nikakaa kizingitini nikacheka peke yangu. Sijui nilicheka nini. Nimecheka tu.

Baba Tiur, shemeji yako


Pekanbaru, 2 Novemba 1991

Shemeji,

Nyumbani wote wazima, mke wangu anataka kujua kama paka alirudi.

Barua yako imenikuta nina lori la mtu juu ya jeki. Nimeisoma palepale, mikono na grisi yake. Nikaitia mfukoni, nikarudi kwenye tairi, mdomo ukaanza wenyewe. Sehemu yangu. Penye sauti yako nanyamaza, nasubiri upite, naingia, nanyamaza tena. Dereva kachuchumaa kivulini ananisikiliza weee. Mwisho akashindwa. "Fundi, wimbo gani huo, mbona hauna kichwa?"

Nikamwambia, "Kichwa chake kiko Porsea. Kilikuwa kinaumwa, kimepona."

"Na tairi langu?"

"Tulia, kaka. Bado ubeti wa pili."

Shemeji yako,
Jaulung